Maji kwa Mkono Wake: Maisha ya Maame Adwoa Tabuaa wa Domfete, 1947–2023

Aliyelala mbele yetu asubuhi hii, amefunikwa kitambaa cha kente alichokitunza sandukuni kwa kazi hii moja tu, ni Maame Cecilia Adwoa Tabuaa, mama wa Domfete. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Yaw Nimo, akikumbushwa na binti wa marehemu, Akosua Fofie. Mahali walipobishana, yamewekwa ya Akosua, kwa sababu ndiye anayepika.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Domfete, jirani na Berekum, tarehe 14 Aprili 1947, binti wa pili wa mzee wetu, Opanin Kwaku Berko, mkulima wa kakao, na mkewe Maame Yaa Fofie. Ilikuwa Jumatatu, mvua za kwanza zimeshika, na mkunga alivuka kijito akiwa ameweka viatu kichwani. Mtoto wa kike wa Jumatatu roho yake huja na jina lake, Adwoa, kama wa Jumanne anavyokuja na Abena. Hapo mzazi hana la kuchagua, siku imeshachagua. La kuchagua ni jina la pili, nalo husubiri siku ya nane, kwa kuwa kabla ya hapo mtoto ni mgeni tu, hajasema kama atakaa au atarudi alikotoka. Siku ya nane, alfajiri, mzee wa upande wa baba alimpakata mtoto, akachovya kidole cha mkono wa kulia ndani ya maji, akamdondoshea ulimini. "Ukisema ni maji, yawe maji." Kisha akachovya katika pombe kali. "Ukisema ni pombe, iwe pombe." Maji aliyameza vizuri. Pombe ya kwanza aliimeza, ya pili akakunja uso, ya tatu akaitema juu ya kifua cha mzee.

"Huyu," mzee alisema akijipangusa, "hatasemewa na mtu."

Akaitwa Tabuaa, jina la nyanya yake, na watu wazima wakamalizia chupa.

Mwaka 1954 alianza shule ya misheni, ile iliyokuwa na paa la nyasi upande mmoja na la bati upande wa pili, kwa sababu bati lilikwisha katikati ya kazi. Mvua ikinyesha, watoto wa upande wa bati hawakumsikia mwalimu, na watoto wa upande wa nyasi walilowa. Adwoa alikaa katikati, akasikia nusu na kulowa nusu. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Sote tunajua mkono wa kushoto hausalimii, haupokei, haumpi mtu mzima kitu. Mwalimu akaufunga kwa kitambaa kwenye dawati. Wenzake waliofungwa hivyo walilia hadi wakaachwa. Yeye hakulia. Kila jioni aliketi nyuma ya jiko akichora herufi kwenye majivu kwa mkono wa kulia, na muhula ulipokwisha mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa waliozaliwa na mkono huo. Habari hii ya mkono iwekwe kando kidogo, itarudi. Shule aliiacha mwaka 1960, mama yetu alipovimba mguu na shamba likakosa mtu.

Kazi yake ilikuwa viazi vikuu na pilipili. Viazi vikuu ndivyo vilivyomjengea nyumba, lakini pilipili ndiyo iliyompa sifa. Aliianika barabarani, juu ya lami yenyewe, upande unaotoka Berekum, na madereva walijua kupinda. Aliuza sokoni Berekum kwa karibu miaka arobaini. Jumapili alipoingia kanisani, hata awe ameoga mara mbili, benchi la mbele lilipiga chafya, na padri mmoja wa zamani alizoea kungoja kwanza chafya ziishe ndipo aanze ibada.

Tarehe 17 Agosti 1968 aliolewa na Kwasi Gyabaah, seremala wa hapa hapa, mtu mpole mwenye mabega. Walijaliwa watoto watatu: Akosua Fofie, kisha Kwame, kisha Kofi. Kofi alikuwa bado tumboni, mwaka 1977, mbao zilipoadimika na Gyabaah akaenda Lagos kama wanaume wengi wa wakati ule. Alisema anakwenda msimu mmoja. Msimu ule ulikuwa na miaka mitano ndani yake.

Mtoto alipozaliwa, Ijumaa, mjomba mmoja aliyekuwa anaelekea Lagos alipewa salamu zimfikie baba. Mjomba huyo, Mungu amsamehe, njia ilikuwa ndefu na vituo vya pombe vilikuwa vingi, na alipofika akasema mtoto ni wa Alhamisi. Huko Lagos Gyabaah akawakusanya rafiki zake, wakamwagia mizimu kinywaji, wakashangilia kuzaliwa kwa Yaw. Huku Domfete mtoto anaitwa Kofi. Kwa hiyo kwa miaka mitano mtu huyu alimpenda kwa moyo wote mtoto ambaye hakuwepo.

Mwanzoni mwa 1983 watu wetu walipofukuzwa Nigeria, Gyabaah akashuka kwenye lori pale njia panda, amekonda, begi moja la mistari mkononi. Akaingia uani akaita, "Yaw! Yaw wangu!"

Mtoto hakugeuka. Kisha akakimbilia nyuma ya kinu na kumwambia mama yake kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mgeni. Amevaa suruali ndefu na anamtafuta Yaw."

Tabuaa akamwambia mumewe, "Anaitwa Kofi. Ni wa Ijumaa."

"Ijumaa vipi? Sisi kule tumemwita Yaw miaka yote. Rafiki zangu wamekunywa kwa jina hilo!"

"Basi wamlee huyo Yaw wao. Siku aliyokuja wewe ulikuwa Lagos, mimi nilikuwa hapa. Aliyekuwepo ndiye anayejua."

Neno hilo Gyabaah alilisimulia hadi uzeeni, akijicheka. Hakulibishia. Lakini mtoto alikuwa bado anamkimbia. Akimwona anakuja kula, anabeba bakuli lake na kwenda kwa jirani. Mwaka ule ulikuwa wa njaa na moto wa msituni, kila bakuli lilikuwa na thamani, na mtoto wa mtu anakwenda kula kwingine kwa sababu baba yake amerudi. Ndipo Tabuaa alipomwambia mumewe, "Kesho alfajiri mtie maji. Wewe mwenyewe, kwa kidole chako." Watu walicheka, mtoto wa miaka mitano kupewa jina upya kama kichanga! Gyabaah akampakata, akachovya kidole, akamtia maji, akamwita Kofi kwa jina lake la kweli. Asubuhi hiyo Kofi alikula ameegemea goti la baba yake. Tabuaa aliliona hilo na halikumtoka. Kuanzia hapo alisema wazi, sokoni, kanisani na kwenye misiba ya watu, kwamba mtoto wa nyumba yake akizaliwa popote chini ya jua atatiwa maji kwa mkono wa mtu wake, ana kwa ana, la sivyo bado ni mgeni. Gyabaah aliaga dunia mwaka 1991, na yuko pale pale tunapomlaza mkewe leo.

Watoto wakaondoka. Akosua Fofie alibaki na cherehani yake, akazaa watoto watatu hapa hapa. Kwame alikwenda Hamburg mwaka 1994. Kofi, yule wa nyuma ya kinu, aliondoka 2002 kupitia jangwani, Agadez na Libya, akavuka bahari, na ikapita miezi mingi nyumba hii haijui kama inamsubiri au inamlilia. Alipopiga simu kutoka Italia mara ya kwanza, mama yake hakulia wala hakushukuru. Alisema, "Umekula?" Kisha akakaa chini, pale pale njiani, juu ya pilipili zake.

Watoto watatu wa Kwame walizaliwa Hamburg na walipewa majina kwa simu: mzee akisema maneno huku Domfete, mtu mwingine akichovya kidole kule. Majina hayo Tabuaa hakuyahesabu. Kila mmoja alipoletwa likizo, alimweka pajani akaanza upya, na aliyekuja mwisho alikuwa na meno kamili, akamng'ata.

"Umeona sasa?" alisema akiufunga mkono kitambaa. "Huyu amenijua. Hatanisahau."

Kofi alipata mke kule kule Italia, Serwaa, binti wa Techiman, na waliishi Bergamo. Mtoto wao wa pekee alizaliwa mwishoni mwa Novemba 2011, na hapa ndipo kazi kubwa ya maisha ya marehemu ilipoanza, akiwa na umri wa miaka sitini na nne, wakati wenzake walikuwa wanatafuta kivuli cha kukaa. Kofi alipiga simu mtoto akiwa bado anafutwa. Hapa ilikuwa Jumatatu, watu hawajalala. Mama yake aliruka. "Adwoa! Adwoa mwenzangu amekuja!" Akatoka nje akawatangazia majirani. Lakini saa za kule ziko mbele ya zetu. Kwa saa ya Bergamo usiku wa manane ulikuwa umeshapita, na Serwaa kitandani alikuwa anamwita mtoto Abena. Mtoto mmoja, siku mbili. Nyumba ya Domfete ikasema Adwoa, nyumba ya Bergamo ikasema Abena, na kwenye karatasi za kule aliandikwa Melissa.

Kabla ya siku ya nane Kofi akapiga tena.

"Mama, siku ya nane mbona si mbali. Wewe utasema kwenye simu, mimi nitachovya."

"Simu ina kidole?"

"Mama, siku hizi watu wote wanafanya hivyo."

"Nakuuliza, simu ina kidole?"

"Haina, Mama."

"Basi mlete."

Hapo ndipo kamba ilipokaza. Kiwanda cha Kofi kilifungwa, kibali chake cha kuishi kule kikaisha kabla hajapata kazi nyingine, na akitoka Italia asingeruhusiwa kurudi ndani. Mke wake alikuwa kwenye kibali kile kile. Mwaka ukapita, na mwingine. Kofi akasema, "Mama, mwakani." Mwakani akasema, "Mama, mwakani." Mama yake hakumkasirikia. Ila kila alipoulizwa ana wajukuu wangapi alitaja wote, kisha akaongeza, "Na mgeni mmoja, yuko njiani."

Alijaribu kwenda yeye. Mwaka 2018 alipanda basi hadi Accra, amevaa kitambaa chake cha sikukuu, akaenda ofisi ya viza. Mdogo wake alimsindikiza, kwa hiyo haya yalisikiwa. Kijana wa dirishani akamuuliza safari ni ya nini.

"Kumpa mjukuu wangu jina."

"Mjukuu ana umri gani?"

"Anakaribia miaka saba."

Kijana akaangalia karatasi, akamwangalia mama. "Na hadi leo hana jina?"

"Analo la kwenu. La kwetu bado."

Viza ilinyimwa. Njiani kurudi, Kumasi, mdogo wake alimnunulia ndizi za kukaanga kumtuliza, naye akala zote, akajipangusa vidole kimoja kimoja, akasema, "Sawa. Kama mimi siendi, yeye atakuja. Na mimi nitamsubiri hapa hapa, sitakwenda mahali." Mdogo wake alielewa anasema mahali gani.

Mtoto mwenyewe alikuwa anakua kwenye simu ya Akosua, akionekana kipaji cha uso zaidi kuliko kidevu. Kitwi chake, lugha yetu, kilikuwa kizuri lakini kilipanda na kushuka kama wimbo. Ugomvi wao ulikuwa mmoja, na wote wawili waliufurahia.

"Adwoa, umeshindaje?"

"Nana, mimi ni Abena."

"Abena wa wapi? Jumatatu ile nilikuwa macho, baba yako akanipigia kwa mdomo wake."

"Kwetu ilikuwa Jumanne."

"Kwenu wapi?"

Hapo mtoto hucheka, na Nana wake naye hucheka. Lakini Akosua anasema simu ikishakatwa mama yake aliishikilia mkononi kwa muda, kama mtu aliyeambiwa kitu.

Tarehe 9 Machi 2021 alianguka shambani. Kilikuwa kiharusi. Mdomo ulirudi baada ya wiki chache, na maneno yake yote pamoja nao, mguu nao ukarudi kwa kuburuta. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa pajani kama kitu cha mtu mwingine. Alipotoka hospitali, Kwame alipiga simu kutoka Hamburg akamwambia kwa upole, "Mama, usijitese. Akija mtoto utatumia huo mwingine. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa," mama yake alisema, "lakini mababu watauliza ni nani huyu anayewapa watoto majina kwa mkono wa chooni." Kisha akasema, "Mkono huu nilishaufundisha mara moja. Nitaufundisha tena."

Kuna watu hapa wanaodhani wanajua kukaza uzi. Wangekuja uani kwake miaka ile miwili. Alianza na majivu, nyuma ya jiko, kama alipokuwa mtoto, akichora mistari tu. Akaja kwenye kukanda unga. Akaja kwenye kikombe cha maji. Kila asubuhi Akosua aliketi mbele yake kwenye kigoda, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mdomo wazi, na mama yake akachovya kidole na kujaribu kukifikisha. Mwanzo maji yalikwenda kifuani. Baadaye shavuni. Siku moja yaliingia sikioni.

"Mama, mimi jina ninalo," Akosua akalalamika. "Nimeshapewa mara mia sasa."

"Vizuri, usilisahau. Fungua mdomo."

Wateja wa cherehani walikuja wakakuta mambo hayo, wakarudi nje kimya kimya. Wengine walisema amechanganyikiwa. Mwezi wa Septemba 2022 kidole kilifika ulimini, mara moja, kikitetemeka, na wiki ile ile Kofi akapiga simu: kibali kimetoka. Akosua anaapa mama yake alisema tu, "Nilijua tungeelewana," na hakusema ni nani na nani.

Walifika tarehe 20 Desemba. Gari liliposimama, msichana mrefu mwenye viatu vyeupe alishuka, akasimama, akawatazama watu wote waliokuwa wakiimba. Nana wake alikuwa kwenye kiti mlangoni. Hawakukimbiliana. Mtoto alipeana mikono na wazee kuanzia kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa na mama yake, akafika kwenye kiti akasema, "Nana, mbona wewe ni mdogo hivi? Kwenye simu ulikuwa mkubwa."

"Ni simu iliyokuwa inanipuliza. Kaa."

Maji yalipangwa Jumatatu, tarehe 26. Watu walishauri iwe Krismasi yenyewe, yeye akakataa. Mtoto wa Jumatatu apewe jina Jumatatu, na hapo kila mtu alijua kwamba miaka kumi na moja ya ubishi alikuwa ameimaliza mwenyewe. Opanin Kwame Nsowah, mzee wa ukoo wa Gyabaah, ambaye kwa haki ndiye angeishika glasi, alikuwa amemkabidhi kazi hiyo zamani, akisema yeye hana nguvu ya kugombana naye. Alfajiri tukakaa uani, mablanketi mabegani, upepo wa harmattan umefunika kila kitu vumbi. Glasi ya maji, glasi ya pombe kali, juu ya kigoda alichochonga Gyabaah. Mtoto akaketi mapajani mwa Nana wake, miguu ikiburuta chini, huku Akosua ameshikilia kiti kwa nyuma kisianguke.

Opanin Nsowah akauliza kama inavyoulizwa, "Roho iliyokuja, ilikuja siku gani?"

Marehemu akafungua mdomo. Na mtoto, ambaye hakuna aliyemfundisha kwamba saa hiyo watoto hawasemi, akageuka juu ya paja akamwuliza taratibu, "Nana, ukisema Adwoa, Jumanne yangu itakwenda wapi? Mama aliumwa Jumatatu nzima na mimi sikuja. Nilikuja Jumanne. Mama alikuwepo."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Mtoto, shh!" Lakini Kofi, mtu mzima mwenye mvi, aliyekaa karibu na kinu kile kile, alianza kucheka, akajaribu kuzuia, akashindwa.

"Unacheka nini wewe?" mama yake akamwuliza.

"Mama, nisamehe. Hayo ndiyo uliyomwambia Baba, aliporudi na Yaw wake."

Jogoo wa jirani aliwika, akarudia. Mwanamke yule ambaye hakuna mtu aliyepata kumsemea alikuwa anaangalia glasi ya maji. Alikuwa amemsubiri Adwoa kupitia viza, kiharusi na majivu. Akainua kichwa.

"Serwaa yuko wapi?"

"Niko hapa, Maame," mkwe wake akajibu kutoka nyuma.

"Njoo mbele, nikuone. Siku ile mimi nilikuwa Domfete. Wewe ndiye uliyekuwepo. Ilikuwa siku gani?"

Serwaa akatazama chini. "Jumanne, Maame."

"Sema kwa nguvu, wazee wasikie."

"Jumanne!"

"Basi ni Jumanne."

Opanin Nsowah, mtu wa utaratibu, akakohoa. "Kama ni Jumanne, Maame Tabuaa, je, turudi kesho?"

"Kesho ya nani? Nimengoja vya kutosha. Shika kiti, Akosua."

Akachovya kidole cha mkono wa kulia. Mkono ukapanda. Ulitetemeka, ukasimama njiani, tukadhani umefika mwisho wake. Kofi akainuka nusu, mama yake akamkalisha kwa jicho. Ukapanda tena. Tone la kwanza lilianguka kidevuni. La pili likaingia. "Ukisema ni maji, yawe maji." La tatu, na la nne kufidia lile la kidevuni. Kisha pombe, na mtoto akakunja uso mzima, na marehemu akacheka hadi machozi yakamtoka, akisema, "Itemee! Itemee kifuani kwangu, usiogope!" Akamtangaza: Abena kwa siku iliyomleta, Tabuaa kwa bibi yake na bibi wa bibi yake. Abena Tabuaa. Wanawake wakapiga vigelegele vilivyoamsha mtaa. Mgeni alikuwa amefika.

Siku zilizofuata hawakuachana. Abena alijifunza kutwanga viazi vya fufu, akaponda kidole, akaendelea. Alianika pilipili, akapiga chafya wiki nzima. Tarehe 3 Januari kiharusi kilirudi, safari hii kikubwa. Daktari alitaka abaki hospitali. Yeye aliunyosha mkono kuelekea mlangoni, ule ule wa kulia, na ukakaa umenyooka hadi akarudishwa nyumbani. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 5 Januari 2023, Akosua aliona wakati umekaribia. Tunavyojua, anayeondoka hapelekwi njiani na kiu. Akosua alijaza glasi, lakini mama yake aligeuza uso, na macho yakamtafuta mtoto.

Glasi isingefika mdomoni, mdomo ulikuwa umefungika upande mmoja. Abena hakuambiwa na mtu. Alichovya kidole cha mkono wa kulia, akakiweka ulimini mwa Nana wake, tone baada ya tone. "Nana, ni maji," alisema, na sauti ikapanda na kushuka kama wimbo.

Marehemu akameza. Akasema, waziwazi, waliokuwa chumbani wote wakasikia, "Ni maji."

Hakusema kingine. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha watoto watatu: Akosua Fofie wa Domfete; Kwame Gyabaah, aliyekuja na familia yake kutoka Hamburg; na Kofi Gyabaah wa Bergamo, ambaye likizo ilimwishia, kiwanda kipya hakikusubiri, na asubuhi hii anasikiliza maneno haya kupitia simu aliyoishika mkewe Serwaa hapo mbele. Kofi, kidole simu haina, lakini tunajua unasikia. Ameacha wakwe, mdogo wake Yaw Nimo, na wajukuu saba, wote wametiwa maji kwa mkono wake, hakuna mgeni hata mmoja kati yao. Mdogo wao ni Abena Tabuaa, aliyepaswa kupanda ndege na baba yake mwezi uliopita akakataa hadi amzike Nana wake. Walimu wake wameandikiwa, na wanaomlaumu kwa kichwa kigumu wajue alikokipata.

Adwoa, binti wa Jumatatu, mkono wako umemaliza kazi. Maji umekunywa, aliyekupa unamjua. Lala sasa, mama, lala kwa utulivu.